Mwalimu wa Michezo na Moyo wa Mkimbiaji



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliponiomba niandike somo la michezo, nadhani alitazamia nieleze namna ya kupokezana kijiti au namna ya kuruka viunzi. Hayo tutayapata siku nyingine. Leo nataka kuandika juu ya jambo lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni hili: jinsi kocha anavyosema na wachezaji wake na kuwatendea, na jinsi mambo hayo yanavyojenga au kuvunja hamu yao ya kucheza, pamoja na afya ya miili na mioyo yao. Nawaandikia hasa ninyi makapteni wa mabweni, kwa maana ninyi ni makocha tayari, ingawa hamna filimbi shingoni. Tena wengi wenu mtakuwa waalimu na wazazi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikimbia mbio za mita 1500, na mwalimu aliyenifundisha alikuwa mtu wa kuogopwa. Akitokea uwanjani, kila mtu alinyamaza. Nami nilipokuwa mwalimu, katika shule nyingine wala si hii, niliufuata mwenendo uleule kwa kuwa sikujua mwingine. Aliyekuwa wa mwisho katika mazoezi alibeba maji ya jikoni. Aliyeshinda nilimsifu mbele ya shule nzima; aliyeshindwa sikuijibu salamu yake kwa siku kadhaa. Niliona kwamba hiyo ndiyo njia ya kuwapata mabingwa, na kwa kweli vikombe vilikuja. Miaka miwili mfululizo tulikuwa wa kwanza katika mashindano ya wilaya.

Katika timu ile alikuwamo msichana mmoja wa Senior 2, mkimbiaji wa mita 800. Sijapata kufundisha mtu mwenye mwendo mzuri kama wake. Siku moja, baada ya kushika nafasi ya nne katika mashindano, alikuja ofisini akaweka viatu vya mbio juu ya meza yangu, akasema, "Mwalimu, nimekuja kurudisha viatu vya shule." Nikamwuliza sababu. Alisita kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Nikishinda, mwalimu, unaniona. Nikishindwa, hunioni." Akaomba ruhusa, akatoka.

Nilikasirika. Niliwaambia waalimu wenzangu kwamba msichana yule ni mvivu, hawezi taabu. Lakini baada ya miezi kama miwili, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa nikipita njia ya mashamba ya chai, nikamwona anakimbia, yeye na mdogo wake, huku wanacheka. Hapo ndipo nilipofahamu. Hakuacha mbio. Aliniacha mimi.

Tangu siku ile nilianza kutafuta maandishi ya watu waliolichunguza jambo hili, na haya ndiyo niliyojifunza.

MAHITAJI MATATU YA MOYO

Wataalamu wawili wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, walitumia miaka mingi kuchunguza kitu kinachomfanya mtu atende kazi kwa hamu. Wanasema kwamba kama vile mwili unavyohitaji chakula na maji, ndivyo moyo nao unavyohitaji mambo matatu. La kwanza ni kuona kwamba jambo ninalolitenda ni langu, nimelikubali mwenyewe, wala sivutwi kama mbuzi wa sokoni. La pili ni kuona kwamba naweza, na kwamba leo naweza zaidi ya jana. La tatu ni kuona kwamba watu walio karibu nami wananijali na kunihesabu kuwa mwenzao.

Mambo hayo matatu yakipatikana, mtu hufanya kazi ngumu kwa furaha na hudumu nayo. Yakizuiwa, hamu hunyauka kama mche uliokosa maji, hata kama kwa nje bado tunamwona mtu yule anakimbia.

Deci alitangaza jaribio moja mwaka wa 1971. Aliwapa wanachuo vipande vya mbao vya kuunganisha ili kutengeneza maumbo mbalimbali, mchezo uitwao Soma. (Jina hili halihusiani na kusoma kwetu.) Walikuja mara tatu. Mara ya pili kundi moja liliahidiwa dola moja kwa kila umbo watakalolipata. Kundi la pili halikuahidiwa kitu. Mara ya tatu hapakuwa na malipo kwa mtu ye yote. Kila mara Deci alitoka chumbani kwa dakika 8, na bila wao kujua, wakatazamwa kama wataendelea kucheza kwa hiari yao au watasoma magazeti yaliyokuwapo. Ikaonekana kwamba wale waliokwisha kulipwa, malipo yalipoondolewa, walicheza kwa muda mfupi kuliko walivyocheza mara ya kwanza kabisa. Mchezo uliokuwa furaha ulikuwa umegeuka kazi ya kibarua, na kibarua akikosa mshahara huweka jembe chini.

Basi, zawadi si mbaya kila mara. Ubaya huja zawadi inapotumiwa kama kamba ya kumvutia mtu.

NJIA NNE ZA KUTAWALA

Mwaka wa 2010 wataalamu watatu waliokuwa Uingereza, Kimberley Bartholomew, Nikos Ntoumanis na Cecilie Thøgersen-Ntoumani, walitunga kipimo cha kupima jinsi kocha anavyowatawala wachezaji. Walitaja njia nne. Nilipozisoma niliona aibu, kwa maana nilijiona katika zote.

Ya kwanza ni zawadi na sifa zinazotumiwa kama kamba: "Mkitenda kama nilivyosema, mtapata jezi mpya, msipotenda, sahauni."

Ya pili ni upendo wenye masharti. Kocha humjali mchezaji anaposhinda, na humnunia anaposhindwa. Hii ndiyo niliyoambiwa na msichana yule kwa maneno machache kuliko ya kitabu.

Ya tatu ni vitisho na aibu: kupiga kelele, kumtukana mtu mbele ya wenzake, na kutoa adhabu ili wengine waogope.

Ya nne ni kutaka kutawala hata mambo yasiyokuwa ya uwanjani: mchezaji aongee na nani, ale nini, na siku ya mapumziko aitumie vipi, kana kwamba mchezaji ni mali ya kocha.

Tafadhali angalieni jambo moja hapa. Katika njia hizo nne hamna kufika kwa wakati, wala kutia bidii katika mazoezi, wala kutii kanuni za mchezo. Kocha anaweza kudai hayo yote kwa nguvu, na bado asiwe mtawala wa namna hii. Ukali wa kazi ni jambo moja, na kumdharau mtu ni jambo jingine.

MBONA WAKALI HUSHINDA?

Najua wengine wenu mmekwisha kuinua mkono. Mtaniambia, "Lakini mwalimu, wewe mwenyewe umesema kwamba ulipata vikombe viwili." Swali ni zuri, na jibu lake nililipata katika habari za waogeleaji wa Kanada.

Mwaka wa 2001 Luc Pelletier na wenzake walitangaza uchunguzi wa waogeleaji wa mashindano 369, ambao waliwafuata kwa muda wa miezi 22. Waliwauliza makocha wao ni watu wa namna gani, na kwa nini wao wanaogelea, kisha wakangoja waone ni nani watakaodumu na ni nani watakaoacha.

Walioogelea kwa sababu wanapenda, au kwa sababu wameona wenyewe faida yake, walidumu zaidi. Hao ndio waliosema kwamba makocha wao huwapa nafasi ya kufikiri na kuchagua. Walioogelea kwa sababu ya kuona aibu na kujilaumu wakikosa, walikuwa bado wanashikilia baada ya miezi 10. Lakini kufika miezi 22 aibu haikuwa na nguvu tena ya kuwashika. Na wale waliosukumwa na watu wengine, kwa zawadi au kwa hofu, baada ya miezi 10 msukumo huo haukuonyesha dalili ya kuwazuia wala kuwaondoa. Lakini baada ya miezi 22 ndio walioelekea kuacha.

Mmeona? Kama kocha angehesabu watu wake baada ya miezi 10 tu, angesema, "Ukali wangu haukudhuru neno." Hivyo ndivyo nilivyosema mimi juu ya vikombe vyangu viwili. Hofu hufanya kazi upesi, na gharama yake huja baadaye, wakati ambapo mwalimu ameshasahau alichokitenda. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkimbiaji anayekimbia kwa sababu ya fimbo yangu atakimbia mahali ninapoonekana tu. Na mahali pa kuwatengeneza wakimbiaji ni huko nisikoonekana: alfajiri, wakati wa likizo, na katika mita 200 za mwisho, ambapo kila mtu yu peke yake na pumzi zake.

MWILI NAO HUJUA

Madhara hayaishii katika hamu tu. Mwaka wa 2011 wale wataalamu watatu wa kipimo, pamoja na wenzao akina Ryan, walionyesha kwamba vijana wanamichezo waliojiona wanatawaliwa na makocha wao walijiona pia wamezuiwa yale mahitaji matatu ya moyo. Na waliozuiwa hivyo ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za kuchoka kabisa na mchezo, huzuni nzito, kula kusikofaa, na maumivu ya mwili. Tena walipima mate yao kabla ya mazoezi, wakakuta kwamba kinga fulani ya mwili, ambayo huweza kupanda mtu anapoingia katika shida, imepanda kwa wale waliojiona wamezuiwa. Mazoezi yenyewe yalikuwa hayajaanza, lakini mwili ulikuwa umekwisha kujikaza kama wa mtu anayengoja kupigwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya vitabu tu. Basi natoa mfano wa mambo yaliyotokea. Katika Uingereza, michezo ya viungo iitwayo jimnastiki ilipata medali 4 katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012, na medali 7 katika Rio de Janeiro mwaka wa 2016. Watu walifurahi, kama ilivyostahili. Lakini mwaka wa 2020 baadhi ya wachezaji, wa sasa na wa zamani, walianza kusema hadharani jinsi walivyotendewa. Mwanasheria Anne Whyte akapewa kazi ya kuchunguza, na taarifa yake ikatolewa mwezi wa Juni mwaka wa 2022. Watu zaidi ya 400 walikuwa wamepeleka maelezo yao. Wako waliosema walilazimishwa kufanya mazoezi huku wameumia. Wako waliosema walinyimwa chakula, maji, na hata ruhusa ya kwenda chooni. Wako waliopimwa uzito mara kwa mara na kuaibishwa mbele ya wenzao, na wengi wao walikuwa watoto.

Sisemi kwamba kila medali ilipatikana kwa njia hiyo. Kusema hivyo ni kuwadhulumu makocha wema na wachezaji wenye bidii. Nasema tu kwamba medali hazikumwonyesha mtu ye yote yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya mlango. Mtu akihesabu medali peke yake hawezi kuhesabu waliovunjika njiani. Tunao msemo wa kale: punda afe, mzigo ufike. Yeye anayeusema ni mwenye mzigo; punda hajaulizwa kamwe.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Kuna methali nyingine ambayo waalimu wakali huipenda sana, nami niliipenda: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya kweli. Kijana lazima afunzwe mapema. Lakini mvuvi anayejua kazi yake hukunja samaki taratibu; akitumia nguvu nyingi mno, samaki atapasuka. Kukunja si kuvunja.

Ng'ambo ya mpaka wetu, katika mji wa Iten nchini Kenya, yuko mfano ambao wapenzi wa riadha wanaujua. Mwaka wa 1976 Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alikuja kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Kwa kuwa hakuwa na elimu hiyo, ilimpasa awatazame wakimbiaji wenyewe, awasikilize, na kujifunza kutoka kwao. Katika shule hiyo alisoma Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Baadaye Bruda huyo alimfundisha David Rudisha, aliyeshinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia. Mimi niliyejiona najua kila kitu, nilikuwa sijamwuliza mkimbiaji wangu hata mmoja, "Wewe unaonaje?"

MAMBO MATANO YA KUTENDA

Makapteni, msije mkasema nimewanyang'anya filimbi nisiwape kitu badala yake. Haya ndiyo ninayojaribu kuyafuata sasa, nanyi mwaweza kuyajaribu wiki hii.

Kwanza, toeni sababu. Zamani nilisema, "Kesho mita 400 mara nane, asiyemaliza asije mbele yangu." Sasa nasema, "Kesho tutakimbia mita 400 mara nane, tukipumzika kidogo katikati, ili mwili ujifunze kushika mwendo wakati miguu imechoka. Ndivyo ilivyo mzunguko wa mwisho wa mashindano." Kazi ni ileile, lakini wa pili anajua anakokwenda.

Pili, wapeni nafasi ya kuchagua ndani ya mpaka. Mazoezi lazima yafanywe. Lakini ni nani atangulie, wapashe mwili moto kwa namna gani, waende njia ya mlimani au ya mtoni, hayo waweza kuyaamua wenyewe.

Tatu, sahihisheni tendo, msimhukumu mtu. "Uliinua kichwa mapema ulipokuwa unakaribia mwisho" ni neno linalomfundisha mkimbiaji. "Wewe huna akili" halimfundishi kitu, ila kukuogopa.

Nne, kubalini kwamba kazi ngumu ni ngumu. Mtu akisema amechoka, msimwite mwongo. Mwambieni, "Najua, kilima hiki ni kirefu," kisha kimbieni pamoja naye. Na akisema ameumia, mwacheni apumzike, mkamwonyeshe kwa muuguzi.

Tano, na hili ndilo nililokosa mimi: msalimuni aliyeshindwa. Msalimuni kwanza, kabla ya aliyeshinda.

MWISHO WA HABARI

Huenda mngependa kujua yaliyompata msichana yule. Nilimwendea, nikamwomba radhi. Kwetu si jambo jepesi mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi, na nilipokuwa njiani nilitaka kurudi mara mbili. Alinisikiliza, akashukuru, lakini hakurudi katika timu. Sikumlazimisha. Angalau hilo nilikuwa nimekwisha kujifunza.

Mwaka uliofuata mdogo wake aliingia Senior 1, akaja uwanjani siku ya kwanza ya mazoezi, akasimama mbali kidogo akinitazama. Nilimwita, nikamwuliza anapenda mbio gani. Akasema bado hajui. Nikamwambia basi ajaribu zote, kisha aniambie.

Mwaka ule hatukupata kikombe. Tulikuwa wa tatu. Lakini watoto wote walioanza mazoezi mwezi wa pili walikuwapo bado mwezi wa kumi na moja, na tangu nianze ualimu jambo hilo halikuwa limetokea hata mara moja.

MASWALI YA KUJIFIKIRIA

1. Taja mahitaji matatu ya moyo. Ni lipi kati ya hayo ambalo bweni lako hulisahau zaidi siku za mashindano?

2. Eleza tofauti kati ya kocha anayedai kazi ngumu na kocha anayetawala. Toa mfano mmoja wa kila namna, bila kutaja jina la mtu.

3. Kwa nini uchunguzi wa waogeleaji ulihitaji miezi 22? Tungedanganyika namna gani kama ungekoma katika mwezi wa 10?

4. Ulipokuwa peke yako mara ya mwisho, bila mwalimu wala kapteni, ulifanya zoezi gani kwa hiari yako? Ni nani aliyekufanya ulipende?